Mugeni wa Disiki ya Papa

Usiniambie kwamba ni hadithi. Hadithi ninazijua, nimekua nikizisikia, na muntu anayezitunga huwa anatabasamu akifika mwisho. Mimi sitabasamu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kalemie, muchana, jua likiwaka, sindano ikiwa mukononi mwangu, na yaliniondolea baba. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu ukae unisikilize.

Utaniuliza: mbona muchana? Mizimu si ya usiku? Na mimi nilikuwa nikisema vile vile. Lakini nyumbani kwetu courant, umeme, inakuja inavyotaka, na mashini ya Papa ya kupigia disiki ilikuwa inatumia batri ya paneli ya jua. Jua likikaa vizuri juu ya paa, saa nane, saa tisa, mashini inazunguka. Jua likishuka, sauti inaanza kuvuta vuta kama mulevi. Kwa hiyo Papa alikuwa na saa yake ya muziki, na yule mugeni naye akaijua hiyo saa.

Mimi ni fundi wa kushona. Uniforme za wanafunzi, malibaya, blauzi za harusi, nguo za waimbaji wa kanisa, vyote vinapita mukononi mwangu. Mashini yangu ni ile ya kukanyaga kwa muguu, na nimeiweka kwenye baraza, mwangaza unapoingia vizuri. Papa alikuwa akikaa nyuma yangu, ndani ya saluni, mulango wazi. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mama alikuwa amekufa, mudogo wangu anakaa Lubumbashi, na mume wangu, tumuache huko aliko.

Baada ya Mama kufa, Papa alipata ugonjwa wa kichwa, ule unaomuangusha muntu upande mumoja. Alipona, lakini muguu wa kushoto ulibaki muzito, na daktari akasema dawa ya kwanza ni kutembea. Kutembea? Papa alikataa kabisa. Miezi saba alikuwa anatoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda kitandani. Nilimubembeleza, nikamugombeza, nikamufichia hata sukari. Aliniangalia tu na kusema, "Niende wapi, mama?" Kwetu baba anamuita binti yake mama, ni namna ya kumupenda. Mimi hilo neno lilikuwa linanikata.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamufungua uso: ile disiki. Ilikuwa disiki ya Waingereza, ya miaka ya themanini, wakati Papa alikuwa kijana wa biro, wa ofisi ya pale bandarini. Wenzake wote walikuwa wanacheza rumba, na yeye pia, hakuna Mukongo asiyecheza rumba. Lakini ile aliiweka pembeni kama nguo ya Pasaka. Kwenye ganda lake kulikuwa na picha ya saluni ya hoteli, viti vitupu, na koti limesahauliwa juu ya kiti kimoja. Ndani yake anaimba mwanamuke mwenye sauti ya taratibu, isiyokuwa na haraka, sauti ya muntu aliyelia jana na leo ameshanawa uso. Ngoma inapigwa kwa brashi, inasugua sugua tu. Piano inasema neno moja, inanyamaza, inangoja. Halafu saksofoni inaingia, na ikiingia, niamini, hata mimi nisiyejua Kiingereza nilikuwa ninasimamisha mashini. Mama, Mungu amurehemu, alikuwa anaita ile disiki "muziki ya watu wenye kuchoka." Anasema, "Ferdinand, hao watu wako hawajala? Mbona hawapigi ngoma?" Papa anacheka, lakini haizimi.

Sasa siku moja ya mwezi wa tisa, nikiwa na rundo la mashati ya wanafunzi, disiki iko kwenye wimbo wa pili, nikasikia hodi. Nikainua macho. Mwanamuke wa miaka thelathini na kitu, muzuri, mutulivu, amevaa robe, gauni la rangi ya maziwa yenye mabega yaliyojazwa sifongo, namna ile ya zamani. Fundi haachi kuangalia nguo. Nikajisemea, kumbe ile mode inarudi. Juu ya mabega alikuwa amejifunika kikwembe, na joto lote lile.

"Samahani, mama. Papa Ferdinand yuko? Nimepita barabarani, nimesikia muziki."

"Yuko. Karibu. Niseme ni nani?"

"Yvonne."

Nikageuka kumuita Papa na nikamukuta amesimama. Amesimama peke yake, bila kushika ukuta! Aliangalia mulangoni, akasema polepole, "Ingia. Ndiyo kwanza imeanza."

Mugeni akaingia, akakaa kwenye kiti cha Mama. Hawakusalimiana kwa maneno mengi, hawakuulizana habari za nyumbani. Walisikiliza tu. Disiki ilipofika mwisho wa upande, Papa akaigeuza, wakasikiliza upande wa pili. Nilikuwa nikiwachungulia: kila mara kabla ya saksofoni kuingia, yule mwanamuke alikuwa anainua kidole kimoja, kidogo tu, na saksofoni inaingia. Hakukosea hata mara moja.

Walipomaliza akaamuka, akaaga. Papa akabaki kusimama katikati ya saluni kama muntu asiyejua mikono yake aiweke wapi. Hapa sasa ndipo kosa langu lilipo. Wewe unajua desturi yetu. Mugeni hatoki peke yake nyumbani kwa watu. Unamusindikiza, unatembea naye kidogo, munazungumza, na yeye mwenyewe ndiye anayekuachilia. Anakuambia, "Rudia hapa," yaani geuka urudi kwako, na wewe unamujibu, "Haya, ufike salama," unarudi. Kabla hajasema, kumuacha njiani ni matusi. Mama alitufundisha hivyo kwa fimbo. Basi na mimi, kwa sababu ya ile desturi, na zaidi kwa sababu ya muguu wa Papa, nikapaza sauti:

"Papa! Mugeni anaenda, na wewe unamuangalia tu? Hata kumusindikiza hapana? Utaniletea haya!"

Papa aliniangalia. Nitakumbuka hayo macho mpaka nife. Alikuwa kama anataka kuniuliza kama nina hakika. Na mimi nikamusukuma kwa mukono, nikicheka: "Nenda, nenda, utembee kidogo."

Akaenda. Alifika mpaka kwenye robine ya maji, hatua labda sitini, nikamuona amesimama akipumua, mugeni amesimama mbele yake anamungoja. Nikaona amechoka, nikamuita, "Papa, inatosha, rudi!" Akarudi polepole, jasho linamutoka, na anatabasamu. Ii, furaha niliyokuwa nayo! Jioni ile alikula bukari na sombe akamaliza sahani. Nikapiga simu Lubumbashi: "Papa ametembea!" Mudogo wangu alilia kwenye simu.

Yvonne akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Saa tisa, disiki inaanza, hodi. Papa sasa alikuwa ananyoa ndevu asubuhi. Aliniomba nimupunguzie koti lake la biro lililokuwa kubwa. Nilikuwa ninamutania: "Papa, umepata muchumba? Mama anakuona huko juu!" Anacheka mpaka anakohoa. Nilipomuuliza ni mutoto wa nani yule dada, akasema, "Ni muntu wa biro yetu ya zamani." Nikafikiri ni binti wa mwenzake mumoja. Ungefikiri nini wewe?

Na kila siku walifika mbali zaidi. Siku ya pili walipita robine. Siku ya nne nikasikia wamevuka reli. Siku ya sita muuza nyanya wa barabarani aliniambia amemuona Papa karibu na soko, peke yake, anazungumza na kucheka. Nikasema, "Hayuko peke yake, anamusindikiza mugeni." Akaniangalia vibaya, akarudi kwa nyanya zake. Sikulitia maanani. Muntu akiwa na furaha haulizi maswali, na mimi nilikuwa na furaha kwamba baba yangu anaishi.

Jumamosi ile akaja Papa Mulongo, jirani yetu, aliyefanya kazi na Papa bandarini miaka ile yote. Alileta suruali ya kupunguza urefu. Nikiwa ninamupima nikamuambia, kwa mazungumzo tu, kwamba Papa amepata mugeni wa kumusikilizia ile disiki yake, anaitwa Yvonne, labda anamujua baba yake?

"Yvonne?" akasema. "Sijui mutoto wa jina hilo. Ile disiki yenyewe ilikuwa ya Yvonne, daktilo, mupiga chapa wa biro yetu. Muzungu mumoja alimuachia akirudi kwao. Yeye na baba yako walikuwa wanaisikiliza kila saa ya mapumziko. Kabla hajamuoa mama yako, ee."

"Na sasa anakaa wapi?"

"Mama, Yvonne alikufa zamani. Alianza kukohoa, akarudi kwa watu wake, Moba. Baba yako alimusindikiza mpaka kwenye boti, na Yvonne akamuachia baba yako ile disiki. Hakumaliza mwezi. Tulimuzika kule."

Nilimuchoma Papa Mulongo na pini, akaruka. Nikasema kuna wanawake wengi wenye jina lile. Nikacheka hata. Lakini saa tisa ilikuwa inakaribia.

Siku ile upepo wa ziwa ulikuwa mukali. Mugeni akaja, wakasikiliza, wakaamuka kuondoka. Walipokuwa wanashuka kwenye baraza, upepo ukainua kikwembe chake juu ya mabega, na mimi nikaona mugongo wa ile robe.

Ngoja nikueleze kitu cha kazi yetu. Mafundi huku tunaitwa pia kushona nguo ya marehemu. Muntu akisha kukauka huwezi kumuvalisha kama muzima. Unaipasua nguo kwa nyuma, toka kola mpaka chini, unamuwekea kwa mbele, halafu unashikiza mugongoni kwa mishono mirefu ya uzi mweupe. Na hufungi fundo mwisho wa uzi, maana watu wanasema fundo litamufunga asiondoke. Nimeshona nyingi. Siwezi kukosea mushono ule. Na ule mushono ulikuwa mbele ya macho yangu, kwenye mugongo wa mwanamuke anayetembea, ncha ya uzi inapepea pale kiunoni, bila fundo.

Nilitaka kupiga kelele. Baba yangu alikuwa ameshika njia pamoja naye, wanapita robine, muguu wake wa kushoto hauvuti chini hata kidogo.

Alirudi giza likianza. Nikamungoja kwenye kiti chake mwenyewe, na akiingia tu nikamuambia, "Papa, yule muntu amekufa."

"Ninajua," akasema. "Tangu ile siku ya kwanza."

"Unajua! Na unaenda naye?"

Akakaa kwenye kiti cha Mama, kwa kuwa chake nilikuwa nimekikalia. Hakukasirika. Angekasirika ningefurahi. Alisema kwa sauti ya upole, "Mama, siku ile kwenye boti aliniambia, rudia hapa. Nikarudia. Nilikuwa ninaogopa kuchelewa kazini. Sikumungoja hata boti iondoke. Miaka yote hii ninaona aibu. Sasa amekuja. Nilisema nitasikiliza naye tu, nitabaki ndani. Ni wewe ulinituma nimusindikize."

"Mimi sikujua!"

"Najua haukujua. Lakini nimesha kuanza, na bado hajaniambia nirudie. Kila siku ninamuacha njiani kwa sababu wewe unanihurumia, juu ninachoka. Kesho yake tunaendelea pale tulipoachia. Si vizuri kumufanya muntu kurudia njia moja siku nane."

Nilipiga magoti. Mimi muntu muzima, mwenye wateja na heshima yake, nilipiga magoti na kumushika baba yangu miguu. Nilimuambia ninamuhitaji, sina mwingine, mudogo wangu yuko mbali. Alinipapasa kichwa kama zamani nilipokuwa na malaria.

Usifikiri nilikunja mikono. Nilimuita padri, akaja, akanyunyizia nyumba nzima maji ya baraka, hata ndani ya sufuria. Papa alimushukuru, akamukaribisha asikilize disiki pamoja naye. Padri akakaa wimbo mumoja, akasema ni muziki muzuri sana, akaenda zake. Mugeni hakuja saa ile. Alikuja mara tu padri alipokunja kona. Kesho yake nilifunga mulango kwa ufunguo, na Papa akasimama nyuma ya mulango, paji la uso limegusa mbao, mpaka nikaona machozi yake yanashuka na mimi mwenyewe nikafungua. Nimekuambia nilifungua mimi mwenyewe. Ungemuacha baba yako alie nyuma ya mulango?

Nilificha disiki chini ya mashati ndani ya kantini, lile sanduku la chuma, nikafunga kufuli. Papa hakula siku mbili. Kijiko kinafika mudomoni, kinarudi. Nilikuwa na njia mbili tu: nikiacha muziki, anaondoka, nikiuzima, anakauka mbele yangu. Niambie wewe ungefanya nini, maana mimi mpaka leo ninajiuliza.

Nikamurudishia. Na siku niliyomurudishia, asante Mungu, nikaona mawingu. Mvua ya kwanza ilikuwa inakaribia, anga nyeusi, paneli haina kitu, batri imekufa. Papa aliweka disiki, akaweka sindano, na disiki haikuzunguka. Nikashukuru kimoyomoyo. Nikakaa kwenye mashini yangu, nikachukua shati la mutoto, nikaanza kushona mukono wake. Leo hakuna muziki, nikasema, leo hatakuja.

Hodi.

Akaingia, akakaa. Kimya. Nilikuwa nimewapa mugongo, ninashona haraka haraka, nikiomba Salamu Maria. Halafu nikageuka kidogo. Wote wawili walikuwa wanatingisha kichwa. Taratibu, pamoja, kama watu wanaosikia kitu. Papa amefumba macho. Yvonne akainua kidole, na kifua cha Papa kikapanda, ndiyo, saksofoni imeingia. Nikajiuliza, wanasikia wapi? Ndipo niliposikia mimi. Ilikuwa mashini yangu. Muguu wangu ulikuwa unakanyaga ule mwendo, ule wa brashi, sugua na sugua, na sikuwa nimeuamuru.

Nikataka kuuinua. Haukunisikia. Nikaushika goti kwa mikono miwili, nikavuta, nikalia, "Yesu, Yesu," na muguu ukaendelea, taratibu, bila kukosea, upande wa kwanza wote, na upande wa pili wote. Baadaye nilikuta nimelishona lile shati kuanzia mukono mpaka kola, limefungika lote, mutoto hawezi kuingiza hata kidole.

Muguu uliposimama, walikuwa wamesimama. Papa alikuwa amevaa koti lake. "Mama," akasema, "ninasindikiza mugeni."

Nikaacha kila kitu, nikawafuata. Nilimushika Papa mukono wa kulia, na yule alikuwa upande wa kushoto. Tulipita robine, tulivuka reli. Watu wananiamkia, "Mama, mvua inakuja, munaenda wapi?" Niliwaambia, "Munisaidie, mumushike!" Wakamuangalia Papa anatembea vizuri, anawapungia mukono, wakasema, "Tumushike ya nini? Amepona!" Wakacheka. Soko lilikuwa linafungwa, watu wanakimbilia nyumba zao. Nilivuta mukono wa baba yangu kwa nguvu zangu zote, na nina nguvu, mimi ninabeba magunia ya vitambaa. Hakunivuta yeye. Alitembea tu. Viatu vyangu vilikuwa vinakwaruza chini kama vya mutoto anayepelekwa shule kwa lazima.

Tukafika bandarini, pale maboti ya Moba yanapofunga. Hakukuwa na boti. Kulikuwa na maji tu, meusi, na matone ya kwanza. Nikaenda mbele ya yule mwanamuke, nikamuangalia usoni kwa karibu kwa mara ya kwanza. Sura yake haikuwa mbaya. Ingekuwa mbaya ningejua namna ya kupigana.

"Mama Yvonne," nikamuambia, "niachie baba yangu. Umuambie arudie hapa. Neno moja tu. Ninakuomba."

Aliniangalia kwa huruma, ninaapa, kwa huruma ya kweli. Akamuangalia Papa. Papa akatingisha kichwa, hapana. Halafu yule akanigeukia mimi, akanishika mukono kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mugeni mwenye adabu.

"Umetusindikiza vya kutosha, mama," akasema. "Rudia hapa."

Na mimi, sikia, mimi nilisikia mudomo wangu mwenyewe unajibu, "Haya. Mufike salama."

Miguu ikageuka. Nilitembea kurudi nyumbani, mvua inanipiga, ninalia kwa sauti, na shingo yangu haikuweza kugeuka nyuma hata kidogo. Nilipokanyaga baraza ndipo mwili ukawa wangu tena. Nikarudi mbio kule bandarini bila viatu. Watu walikuwa wamemukuta amekaa juu ya lile jiwe wanapofungia kamba za maboti, amefunga vifungo vyote vya koti, anaangalia ziwa. Alikuwa bado na joto. Walisema ni moyo. Mimi pia, kwa simu ya Lubumbashi, nilisema ni moyo.

Nilimushonea nguo yake ya mwisho mimi mwenyewe, sikumuruhusu fundi mwingine. Imepita miaka miwili sasa. Wageni wangu wakiaga, mimi ninabaki kwenye kiti, wananiita muntu bila adabu, na mudogo wangu ananiuliza kila Noeli kwa nini nilimuruhusu muzee mugonjwa kutoka nyumbani na mvua inakuja. Basi wewe uliyenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna muzee, na mugeni akaja ambaye haujui kwake ni wapi, muache aende peke yake, hata majirani wakuseme. Mimi sikuuliza. Niliona baba yangu anatembea, nikafurahi.